Nia na Pesa: Niliyoyaona Kitale na Bungoma

Mwezi wa Aprili mwaka 2025, siku chache baada ya Idi, nalifunga safari kutoka Mombasa kwenda Kitale kumtazama binti wa marehemu ndugu yangu, ambaye ameolewa huko yapata miaka tisa sasa. Mtu wa pwani akifika Kitale jambo la kwanza ni baridi, na la pili ni mahindi. Huko mahindi ndiyo mshahara, ndiyo mahari, ndiyo karo ya watoto. Hata kampuni kubwa ya mbegu ya nchi hii, Kenya Seed, ilianzia hapo mwaka 1956. Kwa hiyo neno "mbegu" kwa watu wa Trans Nzoia si neno la mchezo, na naliomba msomaji alitie akilini maana tutarudi kwake.

Nalikuta mashamba yamekwisha tifuliwa, mvua imekwisha anza, na watu wanakimbizana na majira. Lakini shamba la mkwe wangu, ekari tatu kando ya barabara, lilikuwa limepandwa nusu. Nikadhani labda ameugua. Sikuuliza, kwani mgeni hahojiani na mwenyeji siku ya kwanza.

Jioni ya pili, baada ya sala ya Alasiri, yule binti akaniletea chai ya tangawizi akaketi.

"Ami, nina jambo nataka kukuuliza, lakini usinicheke."

Nikamwambia, "Nikucheke kwa lipi, mwanangu? Sema."

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani yake palikuwa na tarakimu kubwa kwa wino mwekundu: shilingi 300,000, na tarehe ya mwezi wa Juni. Akanieleza kwamba yeye na majirani wawili wamekwenda Bungoma kwenye mafunzo ya namna ya kuvuta pesa kwa nia. Kiingilio shilingi 3,000. Kisha kila mmoja akatoa "mbegu" ya kutilia nguvu nia yake. Yeye alitoa 4,500. Wakafundishwa kuandika kiasi wanachokitaka, kukitamka kila alfajiri kana kwamba kimekwisha pokelewa, na kulala na karatasi hiyo chini ya mto. Wakaonywa mambo mawili. La kwanza, wasitamke kabisa neno "sina". La pili, wasitazame madeni yao, maana mwenye kutazama deni huvuta deni.

Nikapiga hesabu kimya kimya. Mfuko wa mbolea ya ruzuku ya serikali ulikuwa shilingi 2,500. Basi 7,500 ni mifuko mitatu. Nikafahamu kwa nini shamba limepandwa nusu.

Sikumcheka. Na sisi watu wa mwambao tusiwe wepesi wa kucheka, kwani nani miongoni mwetu hajasikia habari za pete ya bahati, za hirizi ya dukani inayowekwa chini ya sanduku la fedha, za jini wa kuleta mali anayetaka uvumba na kuku mweusi? Tofauti ni kwamba fundi wetu huketi chumbani gizani, na yule wa Bungoma huvaa tai na kusema kwa kipaza sauti.

Nilitaka kumwona kwa macho yangu. Siku ya tatu nikafuatana na mkwe wangu hadi Bungoma. Njia yapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu mpaka Webuye, na hapo utakiona kile kiwanda kikubwa cha karatasi kilichofunguliwa mwaka 1974 na kufungwa mwaka 2009. Mji mzima ulijengeka kwa mshahara wa kiwanda kile, na mji mzima ukabaki ukingoja. Mkwe wangu alinionyesha safu ya nyumba akasema, "Hapa palikuwa na watu, baba." Hakuongeza neno.

Ukumbi wa Bungoma ulijaa. Mwalimu alikuwa kijana wa miaka thelathini na ushei, Kiswahili chake kizuri, na sitamtaja. Alichanganya aya za Kurani, mistari ya Biblia na hadithi za matajiri wa Marekani, vyote katika pumzi moja. Kwa mtu aliyezoea vitabu haikuwa vigumu kutambua asili ya maneno yale. Wallace Wattles aliyaandika Marekani mwaka 1910 katika kitabu chake juu ya elimu ya kutajirika. Napoleon Hill akayatia chumvi mwaka 1937 katika Think and Grow Rich, akidai kwamba siri yenyewe alipewa na tajiri Andrew Carnegie, dai ambalo halina shahidi ila Hill mwenyewe. Na Rhonda Byrne akayapika upya mwaka 2006 katika The Secret. Yametoka mbali, yamefika Bungoma yamevaa kanzu na joho. Sina ugomvi na maneno kusafiri. Ugomvi wangu ni bei ya kiingilio.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja mkulima wa miwa. Nikamuuliza, mzee mwenzangu, wewe waamini haya? Akanitazama kwa muda kisha akasema: "Miwa yangu ilikatwa, ikapimwa, ikapelekwa. Malipo nayangoja mwaka wa pili. Kwa kufanya kazi pesa zimekataa kuja. Sasa nikiambiwa huja kwa kuitwa, kwa nini nisiite?"

Waama, jibu hilo lilinikata kauli, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mtu hutambua uhusiano wa kazi na malipo pale malipo yanapofuata kazi. Mwajiriwa wa mwisho wa mwezi anajua pesa zimetoka wapi. Lakini mkulima anayepeleka mahindi ghalani kisha akangoja miezi, kama walivyongoja wakulima wengi wa Trans Nzoia mwaka 2018, anayepata fedha siku asiyoitarajia kwa kiasi asichokijua, huyo pesa zake halali za jasho humjia kama ajali. Na mtu ambaye haki yake humjia kama ajali, ni rahisi kumshawishi kuwa ajali zaweza kuitwa. Wanaochelewesha malipo ya wakulima wajue kuwa wao ndio wanaowajazia kumbi walimu wa aina hii.

Nami nina neno na mwalimu yule kwa sababu ametumia neno letu. Nia ni neno tulilofundishwa chuoni tungali na vibao mkononi. Hadithi ya kwanza kabisa katika zile arubaini za Imam Nawawi, iliyopokewa kwa Sayyidna Umar, yahusu nia. Kila mtoto wa pwani aliyesoma anaijua. Lakini tazameni vile fikihi inavyoitumia. Kwa sisi Mashafii, nia ya udhu hutiwa pale maji yanapogusa sehemu ya kwanza ya uso. Haitiwi kitandani, wala haitoshi pasi na maji. Mwenye kunuia saumu kisha akala mchana hakufunga, hata awe amenuia kwa machozi. Nia katika dini ni mwenzi wa tendo. Inalipa tendo thamani yake na mwelekeo wake. Hakuna mahali ambapo tulifundishwa kuwa nia ni kamba ya kuvutia kitu cha mwenzio kikufikie.

Mwalimu alisoma pia ile aya mashuhuri ya Suratu Talaq, iahidiyo kwamba mwenye kumcha Mungu atapewa njia ya kutokea na riziki kutoka pahali asipopatazamia. Ukumbi ulilipuka kwa takbiri na haleluya. Lakini hakuwaambia sura ile ni ya nini. Jina lake lasema: ni sura ya talaka. Inahesabu eda, inakataza kumfukuza mke nyumbani, inataka mashahidi waadilifu, inamtaka mwenye uwezo atoe matumizi kwa kadiri ya uwezo wake na mwenye dhiki kadiri ya alichopewa. Ahadi ya riziki isiyotazamiwa imewekwa katikati ya majukumu hayo, kwa mtu anayeogopa kwamba akitenda haki mfuko wake utakauka. Kuiondoa hapo na kuiuza kwa shilingi 3,000 ni kama kung'oa mlango wa msikiti ukaupeleka sokoni.

Na lile onyo la kutotazama madeni ndilo baya kupita yote. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani nzima, ile ya 282 ya Suratul Baqara, haihusu pepo wala moto. Yahusu kuandika deni. Kiandikwe kiasi, itajwe muda, waitwe mashahidi, msichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Nalimuuliza binti yetu daftari lake la madeni liko wapi. Akasema amelifunga kwa uzi akaliweka juu ya kabati, kama alivyoagizwa.

Wataalamu wa leo nao wamelitazama jambo hili. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen, akishirikiana na Doris Mayer, alichapisha mwaka 2002 uchunguzi wa wanafunzi wa Ujerumani waliokuwa wakimaliza chuo na kutafuta kazi. Waliokuwa wakijichorea mara nyingi akilini picha tamu za kazi nzuri, baada ya miaka miwili walionekana wametuma maombi machache zaidi ya kazi, wamepewa nafasi chache za kazi, na mishahara yao ilikuwa midogo kuliko ya wenzao. Tena aligundua kwamba kutarajia mema kwa sababu ya yale uliyokwisha yatenda ni jambo jingine, na hilo lilisaidia. Ndoto tamu humshibisha mtu kabla hajala. Kwa hiyo asidhani msomaji kuwa nakataza tumaini. Asiye na tumaini hapandi hata punje.

Lakini uchunguzi ulionigusa zaidi ulifanywa jirani kabisa na hapo, wilaya ya Busia, na Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, ukachapishwa mwaka 2011. Hao wawili wa kwanza walikuja kupewa tuzo ya Nobel mwaka 2019. Waliwauliza wakulima wa mahindi kama wananuia kutumia mbolea msimu ujao. Karibu wote walisema ndiyo. Msimu ulipofika, walioitumia ni zaidi kidogo tu ya theluthi moja. Nia ilikuwapo, tena ya kweli. Watu wale hawakusema uongo. Ila kati ya mavuno na kupanda pana harusi, pana maradhi, pana ndugu wa kuomba, na fedha za mbolea zikapita humo. Basi wakajaribu jambo dogo: wakawaendea wakulima papo hapo baada ya kuvuna, fedha zingali mkononi, wakawauzia hati ya mbolea kwa bei ile ile ya kawaida na kuwaahidi kuwaletea nyumbani bure. Mpango wakauita SAFI. Watumiaji wa mbolea wakaongezeka. Nia ilipewa mkono wakati mkono una kitu, na hayo ndiyo maji ya udhu niliyoyasema.

Nalirejea Kitale na ubeti kichwani, nikauandika nyuma ya tikiti ya matatu:

Nia hukaa moyoni, haiwezi kupalia,
Magugu yamo shambani, na masika yaingia,
Deni langu kitabuni, mwenyewe anangojea,
Uiite mfukoni, pesa ipi yasikia?

Nilikusudia kumsomea binti yetu usiku ule. Sikuwahi.

Tumeketi baada ya Isha, simu yake ikalia ile sauti ya ujumbe. Akasoma, akasimama wima, khanga ikamwanguka begani. Shilingi 9,200 zimeingia katika M-Pesa yake kutoka kwa mtu asiyemjua. "Ami! Si nilikwambia? Si hii hapa?" Machozi yalimtoka. Mumewe akanitazama mimi, mimi nikatazama chai. Nakiri, wasomaji wangu, kwamba kwa muda mfupi nalitamani ziwe zake. Nalijua shamba nusu, nalijua watoto wawili wa skuli, nalijua daftari lililofungwa uzi. Na Mola ana njia zake, nikajisemea; pengine ni mtu aliyekuwa na deni la marehemu ndugu yangu.

Haikupita robo saa simu ikalia. Sauti ya mwanamume, ana hofu, kwa lafudhi ya Kibukusu. Amekosea tarakimu moja. Fedha zile ni ujira wa vibarua waliomlimia shamba huko upande wa Chwele, nao wako mlangoni pake. Anaomba arudishiwe.

Binti yetu aliziba simu kwa kiganja. "Nifanyeje, ami? Nimeziomba hizi. Nimeziomba kila alfajiri."

Nalimwambia tufanye mambo kwa utaratibu, kwa maana siku hizi wako matapeli wanaotuma ujumbe wa bandia wa fedha ambazo hazikuingia, kisha wakapiga simu kulia warudishiwe. Tukatazama salio lenyewe: zimeingia kweli. Wapo pia wanaopokea fedha ulizowarudishia kwa mkono wako, kisha wakaiomba kampuni iurudishe ule muamala wa kwanza, ukapoteza mara mbili. Kwa hiyo tukamwambia yule bwana apeleke ujumbe wake kwenye namba 456 ya kampuni, nasi hatutagusa hata senti. Bwana akashukuru, akashukuru tena, akakata.

Ule usiku ulikuwa mrefu. Nalimsikia yule binti akitembea ukumbini. Asubuhi akaniuliza swali ambalo kwa kweli ndilo swali la maana kuliko yote niliyoulizwa Kitale: "Kama angalikata tamaa asipige, zingekuwa zangu?"

Nikamjibu kwa niliyosoma. Kilichookotwa si mali ya aliyeokota. Kina hukumu yake katika fikihi, na hukumu ya kitu chenye thamani ni kukitangaza mwaka mzima. Na hizi hata si za kuokota, kwani mwenyewe jina lake limeandikwa katika ujumbe. Nikamweleza vilevile kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya makosa ya mitandao inamtia hatiani mtu anayezificha kwa makusudi fedha zilizotumwa kwake kimakosa: faini hadi shilingi 200,000 au kifungo cha hadi miaka miwili. Akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo ile nia yangu ilivuta ujira wa kibarua." Mimi sikuthubutu kuyasema hayo, aliyasema mwenyewe.

Hapa niseme nalo la wakubwa wa mchezo huu, kwa sababu vijana wamelisahau. Ile lugha ya "kupanda mbegu" si ngeni. Huko Tanzania mwaka 2009 viongozi wa DECI walifikishwa mahakama ya Kisutu kwa shtaka la kuendesha upatu. Watu walikuwa wakiambiwa wapande mbegu na wavune. Hapa kwetu, kamati iliyoongozwa na Francis Nyenze ilieleza mwaka 2009 kwamba zaidi ya Wakenya 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 katika mipango ya piramidi. Hao nao walikuwa na nia, na nia njema. Mbegu ya Kitale ukiipanda isiote, unaweza kurudi dukani na mfuko wake na risiti. Mbegu ya ukumbini ikikosa kuota unaambiwa imani yako ndiyo mbovu. Mwalimu hashindwi kamwe, hata siku moja. Hilo ndilo linalonitia shaka kuliko mengine.

Yuko anayeuliza, basi hakuna kabisa fedha za kutotazamia zilizo halali? Zipo. Kuna mamlaka ya serikali iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kutunza fedha zilizosahauliwa: akiba za benki zilizolala, gawio za hisa, malipo ya bima ambayo wenyewe wamekufa na warithi hawajui. Nalimuuliza binti yetu kama babake aliwahi kuwa na hisa. Hajui. Mimi nduguye sijui. Tumegawa mirathi yake ya nazi na ya nyumba ya Mombasa hadi sehemu ya sita na ya nane, lakini hakuna aliyeuliza kuhusu karatasi. Ni aibu yangu hiyo, nami nimekwisha anza kuulizia. Huenda zipo, huenda hazipo. Pana namba ya kitambulisho, pana jina, pana ofisi. Hapahitajiki mto wala wino mwekundu.

Adhuhuri ya siku ile fedha ziliondoka katika simu, 9,200 zote. Yule bwana wa Chwele alipiga kutoa habari kwamba vibarua wamelipwa. Akauliza dada ni wa wapi, akaambiwa Kitale, asili Mombasa. Akasema akipita atamletea mkungu wa ndizi. Kama amepita au hakupita sijasikia.

Siku niliyoondoka, mkwe wangu alinisindikiza stendi tangu alfajiri, ukungu umetanda hata Mlima Elgon hauonekani. Akanieleza kwamba mkewe ameuza jogoo wawili na bata, amepata mfuko mmoja wa mbolea, na wa pili amekopeshwa na kikundi chao cha kina mama, wale wenye sanduku la bati lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Nusu iliyobaki ya shamba watapanda maharagwe. Wakati wa mahindi umewapita mwaka huu.

"Na daftari?" nikauliza.

"Ameliteremsha," akasema. "Usiku wa jana tumelisoma pamoja mpaka saa sita. Baba, ni jingi."

Basi likapiga honi, nikapanda.